Nani Anapita Haraka? Historia Fupi ya Foleni ya Watu Wanaoaminika

Kazi yangu iko Nyamirambo, katika chumba kidogo chenye kompyuta mbili na printa moja, kwenye barabara inayoteremka kwenda Biryogo. Ni kibanda cha huduma kama vingi vya hapa Kigali. Watu wanakuja kuchapisha barua, kupiga fotokopi na kuomba vyeti vya serikali kupitia Irembo. Kwa wafanyakazi wa mashirika waliofika juzijuzi, niwaambie kwamba irembo kwa Kinyarwanda ni lango la nyumbani. Kutwa nzima naandika majina, tarehe za kuzaliwa na namba za vitambulisho vya watu wengine ili mahali fulani wafunguliwe mlango.

Jioni moja dada yangu alinipigia WhatsApp kutoka Kentucky, Marekani. Yeye alipelekwa huko kama mkimbizi mwaka 2016, na sasa ni raia. Alikuwa anajiandaa kusafiri kwa ndege kwenda kuona ndugu zetu Texas, na mwenzake wa kazini alimwambia kuna foleni fupi uwanja wa ndege. Unalipa dola 80 hivi, unaandikishwa, halafu kwa miaka mitano unapita upande wa watu wanaoaminika. Laptopu inabaki kwenye begi, koti linabaki mwilini.

"Sawa, jiandikishe," nikamwambia.

"Lakini kaka, wanataka vidole vyangu," akasema. "Si walishavichukua?"

Tulicheka, lakini swali lile lilibaki nami. Serikali ile ilimkagua dada yangu kwa miaka mitatu na miezi minne kabla ya kumpandisha ndege. Ilichukua alama za vidole, ikampiga picha ya mapafu, ikamuuliza mara nne juu ya usiku tuliokimbia, ikalinganisha majibu yake na yangu na ya mjomba. Sasa, ili waamini kwamba hana kisu kwenye begi, anaanza upya na analipa. Nikaanza kujiuliza: huko mipakani kuaminika maana yake nini? Na nani huwa anaaminika? Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na hiyo foleni yenyewe. Mwaka 1993 Marekani ilianza mpango ulioitwa INSPASS katika viwanja vya ndege vya New York na Newark. Msafiri wa biashara aliyekuwa amechunguzwa mapema aliweka kiganja kwenye mashine, mashine ikapima umbo la mkono, naye akapita. Mwaka 1995 wakafungua njia ya magari kwenye mpaka wa Mexico, pale Otay Mesa karibu na San Diego, ikaitwa SENTRI. Mwaka 2001 uwanja wa Schiphol, Amsterdam, ulianza Privium, ambayo ilimtambua msafiri kwa mboni ya jicho. Global Entry ilianza 2008, na TSA PreCheck, hiyo aliyoambiwa dada yangu, ikaanza 2011.

Mantiki yake ni rahisi, na si ya kipumbavu. Afisa ana watu elfu moja na saa moja. Akiwakagua wote sawasawa, hatamkagua yeyote vizuri. Basi anawagawa: wale anaowajua wapite upande huu, wale asiowajua wabaki upande ule. Ili ujulikane unatoa habari zako kwa hiari, unachunguzwa kama una kosa la jinai, mara nyingine unahojiwa, na unalipa. Global Entry sasa ni dola 120 kwa miaka mitano.

Ila kuna jambo moja la kushangaza katika masharti ya PreCheck. Anayeruhusiwa kuomba ni raia wa Marekani au mwenye ukaazi wa kudumu. Mkimbizi huomba ukaazi wa kudumu baada ya kuishi kule mwaka mmoja. Maana yake, katika mwaka ule wa kwanza, akiwa ametoka tu kukaguliwa na idara za usalama kuliko karibu abiria wote aliokaa nao kwenye ndege, dada yangu hakuruhusiwa hata kuomba. Walimjua vizuri sana, lakini kujulikana kwake hakukuhesabiwa.

Hapo nikakumbuka hadithi ambayo mjomba alikuwa akiisimulia tukiwa kambi ya Gihembe.

Katika Kongo ya Wabelgiji, Mwafrika hakutembea atakavyo. Kuhama kutoka eneo la chifu wako kulihitaji kibali. Usiku hukuruhusiwa kuonekana kwenye mitaa ya Wazungu bila ruhusa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, makarani, walimu na wauguzi Waafrika walianza kulalamika: tumesoma, tunavaa kama nyinyi, tunafanya kazi zenu, kwa nini tunatendewa hivi? Jibu la serikali lilikuwa kadi. Mwaka 1948 ikaanzisha kadi ya sifa njema za kiraia, na mwaka 1952 ikaongeza ya daraja la juu zaidi, ambayo kwa Kifaransa iliitwa immatriculation.

Kuipata kadi hizo kulikuwa na kazi. Usiwe na wake wawili, usiwe umefungwa, usishiriki uchawi, ujue kusoma na kuandika. Kwa ile kadi ya juu, wakaguzi walifika mpaka nyumbani. Walitazama mnakula mezani au chini, mnatumia uma au mikono, watoto wanalala wapi, choo kikoje, mke anazungumza vipi na mume. Mjomba alisema baba yake alimjua karani mmoja wa Bukavu aliyeazima viti vya jirani siku ya ukaguzi, na jirani akaja kuvidai wakaguzi wakiwa bado sebuleni. Sisi watoto tulicheka kila aliposimulia. Mjomba yeye hakucheka.

Patrice Lumumba naye aliomba. Wakati huo alikuwa karani wa posta Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Mara ya kwanza alikataliwa, kisha mwaka 1954 akapewa. Mpaka karibu na uhuru, waliopata kadi ya kwanza walikuwa kama 1,500, na waliopata ile ya juu walikuwa 200 na kidogo, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 13. Foleni fupi ilikuwepo, ila aliyeipita hakuhesabiwa kuwa Mbelgiji. Alihesabiwa kuwa Mwafrika aliyeruhusiwa. Miaka michache baadaye watu wa aina hiyohiyo, waliokaguliwa mpaka kwenye vyombo vya jikoni, ndio waliosimama kudai uhuru wa wote. Walikuwa wameelewa kwamba kadi ile ilikuwa inaahirisha swali lenyewe.

Hapa Rwanda historia ya karatasi na bariyeri ni nzito zaidi, na mimi kama mgeni naigusa kwa heshima. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waligawa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mwenye kadi. Vilidumu hata baada ya uhuru. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kadi hiyo ilidaiwa kwenye bariyeri za barabarani nchi nzima, Nyamirambo ikiwemo, na mstari mmoja wa wino uliamua nani apite na nani auawe pale pale. Baadaye mstari ule ulifutwa. Indangamuntu ya leo haina kabila. Kila nikisikia mtu akisema teknolojia ya kututambua haina ubaya mradi ifanye kazi haraka, nafikiria jambo hilo. Zile bariyeri nazo zilifanya kazi haraka. Cha kuuliza ni kadi imeandikwa nini, na anayeisoma anataka kukufanyia nini.

Sasa nije kwenye mpaka ninaoujua mwenyewe.

Kati ya Goma na Gisenyi kuna sehemu mbili kuu za kuvuka. Ile inayoitwa Petite Barrière ndiyo ya wenye miguu. Kabla ya Korona, makumi ya maelfu ya watu walipita hapo kwa siku moja. Wanawake wa upande wa Rwanda walibeba nyanya, karoti, kabichi na maziwa. Wa Goma walikuja kununua, wakaleta vitenge na bidhaa nyingine. Watu wenye ulemavu walipita na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizopakiwa mpaka juu, vijana wakizisukuma kwa nyuma. Ukisimama pembeni ungedhani umeona siafu.

Walipitaje wote hao? Hapo ndipo historia inapopendeza. Tarehe 20 Septemba 1976 Rwanda, Burundi na Zaire zilianzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, na makao yake yakawekwa Gisenyi. Mwaka 1985 zikakubaliana juu ya watu kwenda na kurudi kwa urahisi. Jumuiya yenyewe ilikuja kudhoofishwa na vita, lakini tabia ya kuvuka haikufa. Mnyarwanda alipita na kitambulisho chake. Mkongomani wa Goma alipita na jetoni, kipande cha karatasi cha siku moja: asubuhi unavuka, jioni unarudi. Viza haikuhitajika, wala pasipoti. Hiyo ilikuwa foleni ya watu wanaoaminika kabla Marekani haijabuni ya kwake, na ilitumika na mwanamke asiyejua kusoma aliyebeba beseni kichwani.

Mama mdogo wangu alikuwa mmoja wao. Mama yetu mzazi alifariki tukiwa wadogo, na mama mdogo ndiye aliyetulea mimi na dada yangu huko Masisi. Alipoolewa Goma, tukabaki kwa mjomba. Mwaka 1996 vita ilipofika, mjomba alitukimbiza kuelekea Rwanda. Mimi nilikuwa na miaka 9, dada 7. Mama mdogo alibaki kwa mume wake. Siku tuliyovuka hakuna aliyetudai karatasi. Tulihesabiwa kwa vichwa, kama mbuzi. Baadaye ndiyo karatasi zikaanza, na hazijaisha mpaka leo.

Kwa miaka mingi hatukuonana naye. Mwaka 2017, nikiwa tayari nimehamia Kigali, nilipanda basi Nyabugogo kwenda Gisenyi. Nilikuwa nimebeba kadi yangu ya ukimbizi, barua ya kazi, cheti cha shule na nakala za vyote hivyo, kwa sababu ndivyo tulivyozoea kusafiri. Nilisimama upande huu wa bariyeri. Saa nne asubuhi nikamuona anakuja na mfuko wa vitenge begani, jetoni mkononi. Askari wa upande ule alimsalimia kwa jina. Alimuuliza hali ya mguu wake. Ikapita dakika kumi hivi, kisha akawa ananishika uso kwa mikono miwili.

Tulikaa kwenye kibanda cha chai mpaka saa tisa. Aliona bahasha yangu ya plastiki, akaniuliza ni za nini zote hizo. Nikamweleza: hii ya serikali, hii ya shirika, hii ya kambi ya zamani. Nikamweleza kwamba na zote hizo siwezi kuvuka kwenda kuona nyumba yake, ambayo paa lake nadhani ningeliona kama ningepanda mlima kidogo.

"Sasa weye," akasema, "na makaratasi yote hii, na bale bazungu banakujua mpaka meno, bado banakukataza? Mie niko na jetoni tu!"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, ingawa halinifurahishi. Jetoni yake haikusema mengi juu yake. Haikuwa na alama ya kidole wala historia ya ukoo. Nguvu yake ilikuwa katika makubaliano ya nchi mbili: huyu ni mtu wetu, jioni atarudi kwetu, mkimkamata tunaulizwa sisi. Karatasi zangu zilisema kila kitu kunihusu, isipokuwa hicho kimoja. Hakuna nchi iliyosimama nyuma yangu na kusema, huyu ni wetu.

Mpaka wenyewe nao hukaza na kulegea. Wakati wa Ebola ya 2018 mpaka 2020 watu walinawa mikono na kupimwa joto kwenye paji la uso kabla ya kuonyesha karatasi. Korona ilipofika, Machi 2020, kupita kwa miguu kulisimama, na biashara ikaendelea kwa mizigo iliyounganishwa ya vikundi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka usiku, na maelfu wakakimbilia Gisenyi. Mama mdogo alikuwa kati yao na usiku ule hakuulizwa jetoni. Mwisho wa Januari 2025 vita ilipoingia Goma, watu walivuka tena kwa wingi. Alifika mpaka Nyamirambo, akalala chumbani kwangu siku nane, kisha akasema nyumba haiachwi peke yake, akarudi. Wiki ileile Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na jirani zangu watatu waliokuwa wamekwisha kupimwa afya wakabaki na mabegi yaliyofungwa.

Turudi kwenye macho na vidole. Nilisema Privium ilianza Schiphol mwaka 2001 kwa mboni ya jicho. Mwaka uliofuata, 2002, UNHCR ilianza kupiga picha mboni za macho ya wakimbizi wa Afghanistan waliokuwa wanarudi kwao kutoka Pakistan, karibu na Peshawar. Teknolojia ni ya aina moja, na miaka imeachana kwa mmoja tu. Amsterdam, mtu alilipa ili jicho lake limpitishe haraka. Peshawar, mtu alipigwa jicho ili ihakikishwe kwamba hachukui msaada mara mbili. Mmoja alikuwa mteja, mwingine mshukiwa.

Sisemi hili kuwatukana ndugu zetu wa mashirika. Udanganyifu ulikuwepo, tunaujua, na mgao ukiibwa na mwerevu mmoja anayelala njaa ni mwenzake. Mwaka 2013 mfumo mpya wa kusajili vidole kumi, mboni zote mbili na uso ulijaribiwa kambi ya Dzaleka, Malawi, kisha tangu 2015 ukasambazwa nchi nyingi. Hapa Rwanda nasi tumepita kwenye mashine hizo. Faida ipo: mtu akipoteza kadi, jicho lake bado linamtambua. Mjomba alipopoteza karatasi zake zote, alitambuliwa hivyo kwa dakika mbili, na alifurahi kama aliyefufuka.

Ila angalieni njia inayofuatwa na habari hizo. Zinakwenda upande mmoja. Zinatoka kwetu zikiwa nyingi, na zinaturudia zikiwa mgao. Hazirudi kama tiketi, akaunti ya benki isiyo na maswali, wala foleni fupi. Tangu mwanzoni mwa 2014 raia wa Rwanda, Uganda na Kenya wanavuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa tu. Kongo nayo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Nimezaliwa nchi moja ya Jumuiya, naishi nchi nyingine ya Jumuiya, kadi yangu ina picha na namba, na haivuki mto.

Je, imewahi kuwa vingine? Ndiyo, na hii ndiyo sehemu ya historia ninayotaka kila kijana wa Mahama, Kiziba na Nyabiheke aijue.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ulaya ilijaa Warusi waliokimbia mapinduzi na ambao serikali yao mpya iliwanyang'anya uraia. Walikuwa wengi, na hawakuwa na nchi ya kuwaambia askari wa mpakani "huyu ni wetu". Shirikisho la Mataifa lilimteua Fridtjof Nansen, mpelelezi wa barafu kutoka Norwei, kushughulikia jambo hilo. Mwezi Julai 1922, huko Geneva, serikali kadhaa zilikubali kutambua karatasi moja kwa watu hao. Ikaitwa pasipoti ya Nansen. Baadaye Waarmenia na wengine wakaongezwa, na zaidi ya nchi 50 zikaikubali. Inakadiriwa watu 450,000 walipewa. Mchoraji Marc Chagall aliitumia, na mwanamuziki Igor Stravinsky pia. Haikuwa kamilifu: mwenye nayo alilipia stempu, na nchi iliyoitoa haikulazimika kila mara kumpokea tena. Lakini ilifanya kile ambacho vidole vyetu havijafanya: ilitafuta mtu wa kusimama nyuma ya mkimbizi.

Mjukuu wa pasipoti hiyo bado yupo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28, unasema nchi inayomhifadhi mkimbizi kihalali impe hati ya kusafiria. Katika nchi nyingi utaitambua kwa mistari miwili kwenye kona ya juu ya jalada. Tangu mwisho wa 2015, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka pasipoti zisomeke kwa mashine, na hati za wakimbizi zilizoandikwa kwa mkono zikaanza kugonga ukuta kwenye viwanja vya ndege. Rwanda inatoa hati hizi, na nimewasaidia watu kuandika barua za kuziomba. Wengi wetu hatuombi kwa sababu hatujui kwamba ipo, au tunadhani ni ya waliopata udhamini wa masomo tu.

Hati hiyo ina kikomo kimoja: kwa kawaida inakuruhusu nchi zote isipokuwa ile uliyoikimbia. Sababu yake inaeleweka. Huwezi kusema nchi hii inanihatarisha, halafu ukaenda huko kila Jumamosi. Kwa hiyo mimi hata nikiwa nayo, inanipeleka Nairobi na Paris, lakini hainipeleki Goma, ambayo naiona kwa macho.

Mama mdogo alifariki Septemba iliyopita. Binamu zangu walinipigia alfajiri. Nilifika Gisenyi saa nne na nusu, nikasimama karibu na palepale nilipomngoja mwaka 2017. Watu walikuwa wanapita. Kuna aliyeniambia kuna njia ya panya, atanivusha kwa elfu tano. Nilifikiria. Nilifikiria pia yale niliyowahi kuambiwa kwenye ofisi moja: ukikanyaga kule hata mara moja, faili lako limekwisha. Nikabaki. Walimzika saa nane. Nilijua kwa sababu binamu alituma picha, na mimi nilikuwa bado nimesimama.

Baadaye, nikitafuta habari za makala hii, nilisoma kitabu cha mwongozo cha UNHCR kuhusu hadhi ya ukimbizi, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1979. Kinasema waziwazi kwamba kwenda kumtembelea mzazi mzee au mgonjwa hakupimwi sawa na kwenda mara kwa mara kwa likizo au kwa biashara. Sisemi kwamba ningeruhusiwa. Kila nchi inaamua yenyewe, na kila faili ni lake. Nasema kwamba jambo hilo lingeweza kuulizwa kwa maandishi mama mdogo alipokuwa bado mgonjwa, na mimi, mwandishi wa barua za watu wengine kutwa nzima, sikujua kuwa kuna la kuuliza. Aliyenijibu ofisini naye ama hakujua, ama alikuwa na foleni ndefu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa kambini: ulizeni, na ulizeni kwa barua ili jibu nalo liandikwe. Msivuke kwa kunisikia mimi. Na nyinyi mnaofanya kazi katika mashirika, nina ombi moja la kawaida. Mnapotuita tena kuhakikiwa, mtueleze ukaguzi huo utatufungulia nini, siyo tu utatuzuia nini. Karani wa Bukavu aliyeazima viti angalau alijua anatafuta kadi gani.

Dada yangu hakujiandikisha. Tangu Julai 2025 kwa kawaida abiria hawatakiwi tena kuvua viatu kwenye viwanja vya Marekani, hata wale wa foleni ndefu, na yeye kilichomkera zaidi kilikuwa viatu, kwa sababu siku aliyoingia nchini mwao, amebeba ule mfuko mweupe wa IOM, alivuliwa viatu vyake mbele za watu na soksi ilikuwa na tundu. Zile dola 80 alizituma kwa binamu zetu, wamejengee kaburi. Wakituma picha nitaichapisha hapa hapa, kwenye printa yangu ya Nyamirambo.